Kisanduku cha Vyambo na Samaki Asiyekuwepo Ruvu

Mwezi wa tano mwaka jana nilikuwa soko la Loliondo, Kibaha, natafuta viatu vya mtumba. Kwenye lundo la vitu vya kuchezea watoto nikaona kisanduku cha plastiki chenye vyumba vyumba. Ndani yake kulikuwa na vijisamaki vya rangi rangi, minyoo ya mpira, chura mmoja wa kijani na kijiko cha bati kisicho na mpini, chenye ndoana mkiani. Muuzaji alitaka elfu nane. "Midoli hiyo dada, mpelekee mtoto, ila toa kwanza hizo sindano." Sindano zenyewe ni ndoana za ncha tatu, na moja ilinichoma kidole kabla hatujamaliza kupatana. Nikalipa elfu sita.

Haikuwa midoli. Vilikuwa vyambo vya bandia, na karibu vyote vilitengenezwa kwa ajili ya samaki mmoja tu, Micropterus salmoides, ambaye Wamarekani wanamwita largemouth bass. Humu nitamwita besi, na ukifikiria spika za harusini utanisamehe. Kule kwao kuna watu wanaokesha wakibishana ni vyambo gani viingie kwenye kisanduku na vipi vibaki dukani. Mimi nilikuwa na swali dogo zaidi: kati ya hivi, kipi nikibebe kwenda mto Ruvu? Nilidhani ni swali la jioni moja. Limenichukua mwaka mzima, na katikati yake nusura niwe chanzo cha balaa huko Kisarawe. Nitalifikia hilo.

Tuanze na kijiko, maana ndicho cha zamani kuliko wenzake. Wamarekani wanasimulia kwamba kijana mmoja wa Vermont, Julio Buel, alikuwa anakula ndani ya mtumbwi, kijiko kikamponyoka. Kikazama kikiyumba na kumetameta, samaki mkubwa akaja akakidaka. Hadithi za wavuvi unazijua, lakini hataza ya Buel ipo, na ni ya mwaka 1852. Akakata mpini, akatoboa tundu, akafunga ndoana. Hicho ndicho nilichokuwa nacho mkononi pale Loliondo, miaka zaidi ya 170 baadaye, na umbo halijabadilika.

Chura naye ana kwao. Mwishoni mwa karne ya 19, mjini Dowagiac, Michigan, mfuga nyuki aitwaye James Heddon alikuwa amekaa kando ya bwawa la kinu akichonga kijiti. Alipokitupa majini, besi akakirukia. Heddon akaona mbali: kufikia 1898 hivi alikuwa anachonga vyura vya mbao vyenye ndoana, na miaka michache baadaye familia ikawa na kiwanda. Minyoo ya mpira ilichelewa. Ni mwaka 1949 ambapo Nick Creme wa Akron, Ohio, mji wa viwanda vya matairi, alipika plastiki laini kwenye jiko la nyumbani hadi akapata mnyoo unaotikisika kama nyungunyungu.

Ila ninayempenda mimi ni Lauri Rapala wa Ufini. Huyu hakuwa anavua kwa starehe. Alivua ili watoto wale, na kila dakika aliyotumia kuweka chambo hai kwenye mamia ya ndoana ilikuwa dakika ya njaa. Akiwa ndani ya mtumbwi wake aliona kitu: samaki mwindaji hupita katikati ya kundi la vidagaa, anaacha wazima, anamfuata yule anayeogelea kwa kuchechemea. Mwaka 1936 akachonga kijisamaki kwa gamba la mti, akakifunga karatasi ya kung'aa ya chokoleti, akakipaka negativu za picha zilizoyeyushwa badala ya vanishi. Alikirekebisha mpaka kikawa kinachechemea sawasawa. Mwaka 1962 jarida la Life la Marekani lilichapa habari za kijisamaki hicho katika toleo lililohusu kifo cha Marilyn Monroe. Toleo hilo lilinunuliwa sana, na maagizo yakamfika Rapala kwa wingi asioweza kuumudu.

Kwa nini vitu hivi vinafanya kazi? Besi ni mwindaji wa kuvizia. Anajificha kwenye majani, anatumia macho, na anatumia pia mstari wa ubavuni, yaani safu ya vitundu vidogo toka kichwani hadi mkiani vinavyohisi mtikisiko wa maji. Kijiko kinachomeremeta kinadanganya jicho. Kijisamaki kinachochechemea kinadanganya jicho na ubavu kwa pamoja. Harufu haihitajiki sana, kwa sababu besi anaamua haraka.

Na rangi zile zote? Hapo nilicheka peke yangu. Utafiti wa Illinois uliochapishwa mwaka 2019 ulionyesha kwamba jicho la besi lina aina mbili tu za seli za rangi, za kijani na za nyekundu. Nyekundu anaijua vizuri, kijani pia. Lakini buluu iliyoiva na nyeusi zinamchanganya, na ile njano-kijani kali inayouzwa sana madukani anaichanganya na nyeupe. Kwa hiyo nusu ya rangi za kisandukuni kwangu zilipakwa kwa ajili ya macho ya mnunuzi.

Kuna jambo jingine hukohuko Illinois, nalo ni la kutisha kidogo. Kuanzia mwaka 1975, katika ziwa dogo la Ridge Lake, kila besi aliyenaswa aliwekewa alama na kurudishwa majini. Baada ya miaka minne wakatoa maji yote. Walikuta besi zaidi ya 1,700, na kama 200 kati yao hawakuwa wamewahi kunaswa hata mara moja, wakati wenzao walikuwa wamedanganywa tena na tena. Watafiti wakazalisha wajanja kwa wajanja na wepesi kwa wepesi, vizazi kadhaa, na pengo likazidi kupanuka. Matokeo yakachapishwa mwaka 2009: wepesi wa kunaswa unarithiwa. Maana yake, mvuvi anayebeba nyumbani wale waliodanganyika anawaacha majini wale ambao kisanduku chake hakiwawezi.

Sasa njoo Ruvu. Ukitoka Kibaha kwa barabara ya Morogoro unapita Mlandizi, kwenye mitambo ya Ruvu Juu inayopeleka maji Dar es Salaam, kisha unashuka kwenye daraja. Wasafiri wa karne ya 19 waliuandika mto huu kwa jina la Kingani, na wengi wao walilalamikia viboko. Viboko bado wapo, mamba pia, kwa hiyo usiende peke yako na usiingie majini kutafuta chambo cha elfu sita.

Nilikwenda na rafiki wa maabara moja, na kando ya mto tukamkuta mzee mmoja anayevua kwa mshipi. Nikafungua kisanduku. Mzee akamtoa chura, akambonyeza tumbo, akamrudisha kwa heshima zote.

"Anakula nini huyu?"

"Hali, babu. Anadanganya."

"Anamdanganya nani, mwanangu? Maji yenyewe huyaoni?"

Maji yalikuwa rangi ya chai ya maziwa. Masika ilikuwa inaishia na mto ulikuwa umebeba udongo wa Uluguru wote. Mzee akatoa mfukoni kipande cha sabuni ya mche, akakata kidonge cha ukubwa wa harage, akakichomeka kwenye ndoana. Ndiyo, sabuni ya kufulia. Mpaka magharibi alikuwa na kambare watatu. Mimi nilirusha kijisamaki, nikarusha mnyoo wa zambarau, nikamrusha chura mpaka mkono ukafa ganzi, nikapata jani.

Ukimjua kambare hutashangaa. Huyu Clarias gariepinus anawinda zaidi usiku na kwenye tope, mahali ambapo jicho halina kazi. Ana sharubu nne pande mbili za mdomo, jumla nane, zimejaa vionjio, na ngozi yake nayo ina vionjio mwilini. Ni kama ulimi mrefu unaoogelea. Sabuni ya mche hutengenezwa kwa mafuta, huyeyuka polepole, na ladha yake inasambaa na mkondo wa maji. Mnyoo wa plastiki kwake hauna habari yoyote. Perege naye, yule mwenyeji wa Ruvu, Oreochromis urolepis, anajilia mwani na mabaki ya chini. Huwezi kumdanganya kwa kijisamaki kinachochechemea mtu asiyekula samaki. Utampata kwa ugali, kwa nyungunyungu, au kwa mgono uliosukwa vizuri.

Usidhani basi kwamba chambo cha bandia ni mambo ya wazungu. Wavuvi wetu wa pwani wana neno kamili la kazi hiyo, kurambaza: unaburuza mshipi nyuma ya chombo kinachokwenda, ndoana imefungwa manyoya au nyuzi za plastiki, na nguru au jodari anafuata kinachokimbia. Bahari safi, samaki anayeona, chombo kinachotembea, hapo udanganyifu unalipa. Kumbe kila chambo kimeumbwa na maji yake. Kisanduku changu kiliumbwa na maziwa safi ya Michigan na Ufini, kikatua Kibaha.

Hapo ndipo Mjomba alipoingia.

Mjomba wangu amestaafu na ana shamba Kisarawe, upande wa magharibi kuelekea Ruvu. Bondeni amechimba mabwawa mawili ya samaki. Nilimwonyesha kisanduku kwa kumchekesha tu, tukaangalia pamoja video za Wamarekani wakivua besi: samaki anaruka hewani, mtu anapiga kelele, anambusu, anamrudisha majini. Mjomba hakucheka. Alinyamaza kama anapiga hesabu, na kweli alikuwa anapiga hesabu.

"Watu wa Dar wanalipa kuja kutembea tu msitu wa Pugu-Kazimzumbwi," akasema. "Hawa hawawezi kulipa kuvua? Vyambo unavyo. Kilichobaki ni samaki mwenyewe. Vifaranga vyake vinapatikana wapi?"

Nilitaka kumjibu palepale kwamba haiwezekani, lakini mimi ni mtu wa maabara, na "haiwezekani" bila ushahidi ni ubishi wa kijiweni. Nikaenda kusoma. Nikagundua kwamba wazo la Mjomba lina zaidi ya miaka mia Afrika Mashariki. Wenye vyambo waliona mito yetu haina samaki wa vyambo vyao, wakawaleta samaki.

Trauti walitangulia. Mwaka 1905 mayai yao yalisafirishwa kutoka Uskoti hadi mito ya milima ya Aberdare, Kenya. Besi akafuata: mwaka 1929 alitiwa ziwa Naivasha kwa ajili ya walowezi waliotaka mchezo mwishoni mwa wiki. Naivasha wakati huo lilikuwa na samaki mwenyeji mmoja tu, kijisamaki kidogo kuliko kidole, wa jamii ya Aplocheilichthys. Perege wa kutoka nje walikuwa wametangulia kutiwa mwaka 1925. Yule mwenyeji alionekana kwa mara ya mwisho mwaka 1962. Ziwa zima lilikuwa na mwenyeji mmoja, na sasa halina hata mmoja. Wanaoeleza kutoweka kwake huwataja wageni wala-samaki kwanza.

Halafu mgeni akaita wageni. Perege wengine wakatiwa mwaka 1956. Mwaka 1970 wakaletwa kamba wekundu wa Marekani kwa ajili ya biashara, wakazaana, wakatafuna majani ya ziwa, na besi akawafanya chakula chake kikuu. Kuanzia 2001 akaonekana kapu, samaki wa Asia na Ulaya, na baada ya miaka michache akawa ndiye anayejaza mitumbwi. Wavuvi wa Naivasha wa leo wanaishi kwa samaki ambao hakuna hata mmoja aliyekuwepo wakati babu zao wanazaliwa. Sisemi wana njaa. Nasema kila hatua ilianzia kwa mtu aliyekuwa na mpango mzuri.

Ziwa Viktoria unalijua. Sangara aliingizwa miaka ya 1950, na miongoni mwa waliomshabikia ni wavuvi wa burudani wa upande wa Uganda waliotaka samaki wa kupigana na fimbo zao. Leo sangara analisha Mwanza, na mamia ya aina za furu hawapo tena. Mambo yote mawili ni kweli kwa wakati mmoja, na yeyote anayekuambia moja tu anakuuzia kitu.

Lakini mfano uliofanana kabisa na mpango wa Mjomba niliukuta Guatemala. Mwaka 1958 besi alitiwa ziwa Atitlán, na shirika la ndege la Pan American lilikuwa kwenye shughuli hiyo, kwa hesabu ileile: watalii watakuja kuvua. Besi akala vijisamaki na kaa ambao wenyeji wa kando ya ziwa walikuwa wakivua. Ziwani kulikuwa na ndege wa majini asiyeweza kuruka, asiyepatikana popote pengine duniani. Besi alimnyang'anya chakula na akala makinda yake. Idadi ya ndege hao ilishuka vibaya ndani ya miaka michache, na ingawa baadaye yalikuja na matatizo mengine, leo ndege huyo hayupo. Japani, ambako besi alifikishwa mwaka 1925, tangu 2005 sheria inakataza kumwingiza, kumsafirisha akiwa hai au kumfuga bila kibali.

Nikarudi Kisarawe na haya yote kwenye simu. Mjomba ni msikilizaji mzuri. Alisikiliza Naivasha, akasikiliza Guatemala, akasema: "Hayo ni maziwa. Langu ni bwawa, nimelichimba mwenyewe kwa jembe na vibarua."

Tukashuka bondeni. Ukifika wakati wa kiangazi utampa haki: bwawa liko peke yake, limezungukwa na mihogo. Ila kwenye ukingo wa chini kuna bomba la kutolea maji, na chini ya bomba kuna mfereji, na mfereji unaingia kwenye kijito ambacho wakati wa masika hakina adabu. "Masika ya mwaka juzi maji yalifika wapi?" nikauliza. Akanionyesha shina la mwembe, lenye alama ya tope kiunoni. Mwembe uko juu ya bwawa. Besi hahitaji zaidi ya usiku mmoja wa namna hiyo. Na huko aendako yupo yule perege mwenyeji, ambaye vifaranga vyake havijawahi kukutana na samaki anayevizia namna hiyo.

Nikamwambia pia habari ya Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003 na kibali cha kuingiza samaki hai. Hilo halikumgusa sana. Kilichomgusa ni mwembe.

Alikaa kimya, halafu akaniuliza swali ambalo sikuwa nimejiandaa nalo.

"Na sato wangu je?"

Kwa sababu mabwawa yale yamejaa sato, Oreochromis niloticus, vifaranga vya kununua. Sato si wa Ruvu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2019, uliopita mito na maziwa mengi ya Tanzania, uliwakuta sato na jamaa zake wageni wameenea kwenye mabonde mengi, na mahali pengine wamezaana na perege wa asili. Hawali wenyeji kama besi. Wanawaoa. Baada ya vizazi kadhaa unavua samaki anayefanana na perege, na perege mwenyewe amekwisha bila mtu kuona mzoga. Nami nimekula sato wa Mjomba tangu nikiwa kidato cha pili, kwa furaha, bila kuuliza bomba linaelekea wapi. Ada yangu ya chuo ina sato ndani yake.

Sikumwambia awatoe. Nilimwambia ukweli kama nilivyokueleza wewe, kwamba besi ni hatari ninayoweza kuikataa kwa sababu bado haijafika, na sato ni hatari tuliyokwisha kuizoea. Akasema, "Kwa hiyo mmechelewa." Tukaenda duka la vifaa vya ujenzi tukanunua wavu wa chuma wa matundu madogo, tukafunga mdomo wa bomba, na vibarua wakainua ukingo wa chini kwa viroba vya mchanga. Masika ya mwaka huu ulishika. Wavu unaziba kwa majani kila baada ya siku mbili na Mjomba ananipigia kulalamika, naye ana haki.

Kuhusu kisanduku. Minyoo ya plastiki nimeitoa, kwa sababu ikikatika inabaki mtoni miaka. Chura yuko juu ya kompyuta yangu maabara. Kijisamaki nilimpa rafiki anayerambaza huko Bagamoyo. Nilibakiza kijiko, kwa sababu ya samaki mmoja.

Ruvu na Rufiji wana mwindaji wao wa macho: Hydrocynus tanzaniae, mwenye mistari ubavuni na meno yanayoonekana hata akifunga mdomo, aliyepewa jina la kisayansi mwaka 1986 tu. Huyo anafukuza samaki wadogo kwenye maji yanayokwenda kasi, na kama kuna mtu wa kijiko katika mto huu ni yeye. Nikasubiri mpaka mwezi wa tisa, maji yalipotulia na kuonyesha mchanga. Mzee wa sabuni alikuwepo mahali pake. Nilirusha kijiko kwenye mkondo, nikavuta, nikarusha. Mara ya tano au ya sita kitu kilikipiga kwa nguvu kiasi cha kunivuta hatua mbele, halafu mshipi ukalegea. Nilipouvuta wote, kijiko hakikuwepo.

Mzee akauchukua mshipi, akautazama mwisho wake uliokatika kama umekatwa kwa wembe. "Safari ijayo funga waya," akasema. Kisha akaufunga ndoana yake ya akiba, akatoa sabuni mfukoni, akanikatia kipande.